Mwacheni na Masikio Yake

Ndugu zangu mnaofuga mbwa wa ulinzi, na nyinyi mnaotafuta wa kununua, nisikilizeni. Mtoto wa Dobermann huzaliwa na masikio laini yanayoning'inia kando ya mashavu. Yale masikio ya wima mnayoyapenda kwenye picha hakupewa na mama yake. Amekatwa! Akiwa na wiki 7 hadi 12, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, hulazwa kwa dawa ya usingizi, sehemu kubwa ya sikio ikaondolewa pamoja na gegedu lake, na ukingo ukashonwa. Kilichobaki hufungwa plasta ili kisimame, na plasta hiyo hubanduliwa na kubandikwa tena kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hiyo ni kazi ya daktari aliyesomea. Asiye daktari hana dawa ya usingizi. Ana wembe, na watu wa kumshikilia mtoto wa mbwa asifurukute.

Yote hayo kwa ugonjwa gani? Hana ugonjwa.

Wanasema sikio lililosimama halipati usaha. Kama kisu ni kinga, mbona hakatwi Cocker Spaniel, ambaye masikio yake mazito husumbuliwa kuliko ya mbwa wengi? Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kinapinga kumkata mbwa masikio kwa ajili ya sura tu, na tangu 2008 kinahimiza desturi hiyo ifutwe katika viwango vya uzao. Wanasema pia aliyekatwa hulinda vizuri zaidi. Mtazameni Rottweiler: masikio yake yameinama maisha yake yote, naye analinda mageti dunia nzima. Ulinzi wa mbwa hutoka kwenye damu, malezi na mafunzo. Tena mbwa husema kwa masikio. Akiogopa huyalaza nyuma, akishtukia jambo huyaelekeza mbele, na mtoto wako anayecheza naye uani anahitaji kuziona dalili hizo kabla meno hayajatoka. Unamnyang'anya mbwa wako lugha, halafu unamwachia watoto.

Kwetu Waislamu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Ibilisi anaapa kwamba atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama, na kwamba watabadili alivyoumba Mwenyezi Mungu. Wafasiri wanaeleza kuwa ni desturi ya Waarabu wa jahiliya, waliowachana ngamia masikio kwa ajili ya masanamu yao. Basi nauliza, na ninauliza kwa uchungu: sanamu letu ni lipi leo, kama si ile picha ya mbwa wa kutisha getini? Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani anayemkatakata mnyama viungo. Na ni nani asiyejua habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa? Msiniambie mbwa ni najisi. Hukumu ya mate yake inahusu kuosha chombo; haikumpa yeyote ruhusa ya kumtesa. Ndugu zetu Wakristo nao wana Mithali, sura ya 12, inayomtambua mwenye haki kwa anavyomjali mnyama wake.

Tena tunamuiga nani? Dobermann, Boxer na Great Dane wote ni mbwa wa Ujerumani. Dobermann alianzishwa mjini Apolda katika karne ya 19 na Karl Friedrich Louis Dobermann, mkusanya kodi. Ujerumani hiyohiyo imepiga marufuku kuwakata mbwa masikio tangu 1987! Mwaka huohuo, mwezi Novemba, ulifunguliwa mkataba wa Ulaya huko Strasbourg, ambao kifungu chake cha 10 kinakataza upasuaji wa kubadili sura ya mnyama wa nyumbani, na masikio yametajwa humo. Uingereza ilitangulia: klabu yao kuu ya mbwa, Kennel Club, iliwafungia waliokatwa mlango wa maonyesho tangu 1895. Waliobaki kushupalia ni wachache, na sauti kubwa kati yao ni American Kennel Club ya Marekani. Wenye mbwa wenyewe wamemwachia masikio yake, nasi tunamuagiza aliyekatwa!

Enyi madaktari wa mifugo, mlifundishwa kushika kisu palipo na maradhi. Mkiletewa mtoto wa mbwa mzima, mrudisheni mzima, hata kama mwenye naye ni rafiki na hata kama ametanguliza malipo.

Lakini mzigo mkubwa nauweka kwako mnunuzi, kwa sababu mfugaji hukata kile anachojua utakilipia. Muulize kabla hujatoa shilingi. Akikujibu kwamba ameshawakata, ondoka, hata kama bei ni nzuri na watoto wako wanalia kumtaka. Akikujibu bado, mwambie unamtaka na masikio yake, na uipate ahadi hiyo kabla ya wiki ya 7.