Jirani Aliyeingilia Kati

Katika majimbo mengi ya Ujerumani, mtoto wa miaka 10 hivi hupangiwa njia: huyu shule ya kuelekea chuo kikuu, yule ya kuelekea ufundi. Uğur Şahin, mtoto wa Mturuki aliyefanya kazi kiwanda cha magari, alipendekezewa ile ya pili. Jirani yao Mjerumani akakataa, akamtetea. Leo dunia inamjua: yeye na mkewe, Özlem Türeci, ni waanzilishi wa BioNTech, iliyotengeneza chanjo ya korona pamoja na Pfizer.

Ufundi si aibu, jamani. Ubaya ni kuchaguliwa maisha kwa sababu ya asili ya wazazi wako.

Una jirani mhamiaji asiyeujua mfumo wa shule? Kapige hodi leo, umweleze.