Toba na nyumba ya jirani

Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo. Familia zililala stesheni na masufuria na magodoro yao zikingoja treni, huku nyumba zao zikiingiwa na wengine. Aliyechukua nyumba kisha akatubu, je, abaki nayo? Wapo wasemao kwamba kumdai arudishe ni kuuza neema. Sikubali. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu baada ya Yesu kujialika kwake, si kabla; rehema ilitangulia. Mwizi wa msalabani, kweli, alipokelewa bila kurudisha chochote, lakini yule hakuwa na nafasi. Mwenye ufunguo mfukoni anayo, na kama anaamini amesamehewa, aogope nini kumtafuta mwenye nyumba, hata Mbuji-Mayi, huko Kasai?