Asiyekuwepo na Lake Halipo

Simu iliita Jumamosi asubuhi, nikiwa nafua nyuma ya bweni. Kwenye kioo lilitokea jina "Mama Mhasibu". Ndivyo nilivyoihifadhi namba yake miaka kadhaa nyuma, nilipokuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya programu hapa Dar es Salaam na yeye akiwa mhasibu wa SACCOS ya walimu huko mkoani. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza masomo ya uzamili yanaendaje, kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kuomba kitu asichokuwa na haki nacho.

"Mwanangu, ule mfumo wenu umetugomea."

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Mwajiri alibadilisha fomu ya makato ya mishahara, ikaongezeka safu moja, na ripoti ya SACCOS ikatakiwa ilingane nayo. Kijana waliyempata pale mjini aliongeza hiyo safu kwa nusu saa. Baada ya hapo alikaa siku nne akijaribu kuijenga programu upya ili badiliko lianze kufanya kazi, akashindwa. Programu ile inategemea mamia ya vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, kila kimoja kikiegemea kingine, na baadhi havina mtunzaji tena. Ukisasisha hiki, kile kinakataa. Kijana alimweleza Mama Mhasibu kwa lugha aliyoielewa mara moja: nyumba hii imejengwa kwa matofali ambayo siku hizi hayafyatuliwi.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi ule Mama Mhasibu aliandaa makato ya wanachama wote kwa mkono, kwenye Excel, hadi saa tatu usiku. Walimu wawili waliostaafu walikuwa wakisubiri akiba zao, naye hakutaka kusaini salio asiloliamini.

Niliyechagua matofali hayo ni mimi.

Ili msomaji asiye wa fani yangu asiachwe njiani: anayetengeneza programu ya kutumika kwenye kivinjari mara nyingi haanzi na kiwanja kitupu. Anachukua fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha kutengenezwa na wengine, ambacho kinamwamulia mapema namna ya kupanga kurasa, kupokea fomu na kuzungumza na kanzidata. Kiunzi kinaokoa miezi ya kazi, lakini pia kinaamua sura ya kila kitakachofuata. Ukishaandika kurasa mia mbili juu yake, kukibadilisha ni karibu sawa na kuandika upya kila kitu.

Ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, utaona vyumba virefu vilivyo vyembamba hata kwenye nyumba za matajiri wa zamani. Sababu iko juu ya kichwa chako. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Mwenye fedha aliweza kurefusha chumba alivyotaka, ila upana aliamuliwa na mti. Anayeishi humo leo akitaka kupanga samani zake, anabishana na mkoko uliokatwa kabla babu yake hajazaliwa. Kiunzi cha programu ya biashara ni boriti ya namna hiyo. Programu za kuuza simu au kutangaza tamasha zinaishi msimu na kufa. Programu inayotunza akiba, mishahara au mikopo haifi kirahisi, kwa sababu deni la miaka kumi linahitaji mfumo wa miaka kumi.

Nakumbuka vizuri siku tuliyochagua. Tulikuwa watatu mezani: bosi, kaka mmoja aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi, na mimi. Kaka alipendekeza Django, kiunzi kilichotoka kwenye ofisi ya gazeti katika mji wa Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005, na bado kinatunzwa hadi leo. Alitaka seva itengeneze kurasa, kivinjari kizionyeshe, basi. Mimi niliona hayo ni mambo ya wazee. Nilitetea kiunzi kipya cha JavaScript ambacho sitakitaja, maana kosa halikuwa lake; kilikuwa chombo kizuri na bado kina wapenzi wake. Nilizungumzia kasi, na kurasa zinazobadilika bila kupakiwa upya. Nilisema vijana wote wanahamia huko.

Sikusema kwamba wiki ile nilikuwa nikipitia matangazo ya kazi, na kwamba karibu kila tangazo lililonivutia lilitaka mtu mwenye uzoefu wa kiunzi hicho. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa CV kabla sijaandika mstari wa kwanza wa programu. Bosi alikubali kwa sababu nilizungumza kwa kujiamini. Kaka alishika jambo moja tu na akakataa kuliachia: data zikae kwenye kanzidata ya kawaida, zisomeke kwa SQL bila kupitia programu yetu. Tulimwona mbishi.

Siku ya kukabidhi, Mama Mhasibu alitazama kurasa zikifunguka, akatabasamu, akauliza swali moja.

"Itadumu?"

"Itadumu, mama."

Je, nilimdanganya? Nimelizungusha swali hili tangu ile Jumamosi. Mwongo ni yule anayesema jambo akijua si kweli, na mimi sikujua kama si kweli. Wala hakuna ambaye angejua. AngularJS ilitoka mwaka 2010 ikiwa na Google nyuma yake, na ofisi nyingi duniani zikajenga mifumo yao juu yake kwa hoja iliyoonekana haina pingamizi: kampuni kubwa kiasi hiki haitatuacha. Mwaka 2016 likaja toleo la pili, ambalo kwa kweli lilikuwa kiunzi kingine chenye jina linalofanana. Programu ya zamani haikuweza kuhamia humo bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa. Mwisho wa 2021 matunzo rasmi ya AngularJS yakakoma. Waliokichagua mwaka 2012 hawakuwa wajinga, wala Google haikuvunja mkataba wowote. Mambo huisha tu.

Kwa hiyo siwezi kujihukumu kwa kushindwa kutabiri. Hata hivyo neno "itadumu" halikuwa utabiri. Mtu akikuuliza "mvua itanyesha?" anataka maoni yako. Mhasibu akimuuliza fundi "itadumu?" anaomba ahadi, na ahadi inadai kwamba mwenye kuahidi atakuwepo siku ya kuitimiza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo. Niliahidi kwa kinywa changu kitu ambacho kingelipwa kwa mikono ya watu wengine: kijana wa mjini na siku zake nne, Mama Mhasibu na usiku wake, wastaafu wawili na fedha zao wenyewe.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa kawaida tunatumia msemo huu kumcheka aliyechelewa kikao: ungekuja, ungesikilizwa. Lakini wapo watu wasioweza kuja hata wakitaka. Siku tulipochagua kiunzi, kijana yule huenda alikuwa bado sekondari. Wastaafu walikuwa darasani wakisahihisha madaftari. Hakuna aliyewaita, na hata wangeitwa, mmoja wao hakuwa bado na sababu ya kuja. Msemo unaeleza vizuri sana jinsi vikao vinavyokwenda. Haudai kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu, alidai kwamba maadili tuliyorithi yaliwafikiria watu walio karibu: jirani, ndugu, mgeni aliye mlangoni. Teknolojia imeurefusha mkono wetu hadi unawagusa watu ambao hatutawaona, na wajibu haujarefuka kwa kiasi hicho hicho. Yeye alihofia mambo makubwa, mazingira na uhai wa binadamu. Nadhani hoja yake inafika hadi kwenye ofisi ya SACCOS. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey aliomba hadharani watu wajitolee wanaojua COBOL, lugha ya programu iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, kwa sababu mifumo ya mafao ya wasio na kazi ilielemewa na ilihitaji watu wanaoifahamu. Walioiandika mifumo hiyo hawakuwaza kwamba siku moja mtu aliyepoteza kibarua chake angesubiri hundi huku serikali ikitafuta wazee wanaokumbuka. Ila tuwe wa haki: mifumo hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa miongo. Swali linakuwa gumu hapo. Waliochagua COBOL walikosea au walifaulu kupita kiasi?

Rafiki yangu wa darasani, niliposimulia haya, alinipinga. "Ukiwaza hivyo, hakuna kitakachoanza. Hiyo Django yako nayo ilikuwa mpya mwaka 2005. Kama wote wangesubiri ithibitike, ingethibitishwa na nani?"

Ana hoja, na sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo nusu. Kipya lazima kiwe na wajaribu wake wa kwanza, lakini mjaribu wa haki ni yule anayejaribu kwa mali yake, au kwa mali ya mtu aliyeelezwa na akakubali. Ningemwambia Mama Mhasibu, "Kuna njia ya zamani inayopitwa na mitindo lakini watunzaji wake wapo miaka mingi, na kuna mpya yenye kasi ambayo hatujui itafika wapi, ikikwama, mtalazimika kulipa tena," huenda angechagua mpya. Mhasibu anajua hatari ni nini. Kila siku anapitisha mikopo. Sikumnyima chombo bora tu. Nilimnyima nafasi ya kukadiria hatari kwa kazi anayoijua kunishinda, kisha nikaweka kamari kwa fedha yake huku nikitarajia faida yangu.

Kwa hiyo siamini tena kwamba swali la kwanza ni kiunzi kipi kitaishi muda mrefu. Ni swali la haki kuuliza, na lina majibu ya kiasi: tazama kimeishi miaka mingapi, kinatunzwa na watu wangapi, kinavunja mambo ya zamani mara ngapi, kinavuta vifurushi vingapi nyuma yake, na kama pale mkoani yupo mtu wa kukijua. Lakini baada ya hesabu zote hizo linabaki fumbo, na mbele ya fumbo hilo kinachopimwa ni nani atakayebeba mzigo ukianguka, na kama alikuwa akilini mwako ulipochagua. Mtu anaweza kuchagua kiunzi kilichokufa mapema na asiwe na hatia. Mwingine anaweza kuchagua kinachoishi miaka hamsini kwa sababu za aibu, akaokolewa na bahati.

Nilipanda basi Ijumaa iliyofuata. Jumamosi nzima tulikaa na yule kijana kwenye ofisi ya SACCOS, feni ikizunguka kwa shida. Kwa saa tatu za kwanza nilijaribu nilichojaribu yeye, nikashindwa nilikoshindwa yeye, na sikuweza kumtazama usoni. Halafu nikakumbuka ubishi wa kaka. Data zilikuwa pale pale, kwenye kanzidata ya kawaida, zikisomeka kwa SQL, lugha iliyotokana na kazi ya watafiti wa IBM katika miaka ya 1970. Hatukuhitaji kuigusa ile nyumba yetu. Tuliandika programu ndogo ya pembeni inayosoma makato moja kwa moja na kutoa ripoti yenye safu mpya. Haina urembo wowote. Kabla ya magharibi Mama Mhasibu alikuwa ameilinganisha na kazi yake ya mkono, mwanachama kwa mwanachama, na kupata tofauti moja ya shilingi elfu mbili, ambayo ilikuwa kosa lake la usiku ule wa saa tatu.

Kitu pekee kilichotuokoa ni uamuzi wa mtu aliyefikiria siku ambayo hatakuwepo.

Kabla ya kuondoka niliandika kurasa nne: kwa nini tulichagua tulichochagua, nini kimekufa, nini bado kizima, na mtu akitaka kuuhama mfumo mzima aanzie wapi. Niliandika pia sababu ya kweli ya uchaguzi wangu, ile ya CV. Kijana aliisoma, akacheka, kisha akasema na yeye ameomba kazi Dar.

Mama Mhasibu alitusindikiza hadi kituoni. Alinishukuru kwa namna iliyoniumiza kuliko kama angenilaumu, kisha akauliza tena, akiwa ameishika ripoti mkononi.

"Na hii, mwanangu, itadumu?"

"Sijui, mama," nikasema. "Ila siku ikikwama, kila kitu kimeandikwa kwenye zile karatasi, na ukinipigia nitapokea."

Aliitazama ripoti, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani.

"Hapo sasa umenijibu," akasema.