Hisi za Mgeni na Haki ya Kuhukumu: Salme Mjini Hamburg

Je, pua na ngozi ya mgeni zina haki ya kuutolea mji hukumu? Swali hili linazuka katika maandishi ya Sayyida Salme binti Said, mzaliwa wa Unguja (1844), aliyehamia Hamburg mwaka 1867 na kujulikana huko kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886, anawashutumu wasafiri wa Ulaya waliokaa Mashariki majuma machache kisha wakaandika kana kwamba wameyajua yote. Ilhali yeye naye huipima Ulaya kwa mwili wake: baridi, vyumba vilivyofungwa, chakula kigeni.

Mhakiki wa haraka ataona ukinzani hapa. Hata hivyo, hisi za msafiri na za mkaazi hazilingani kimaadili. Baridi ikimchosha msafiri, huondoka. Huwa kisa cha kusimulia arudipo kwao. Salme alifiwa na mumewe mwaka 1870, katika ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wa kuwalea ugenini. Kwake baridi ilikuwa sharti la maisha.

Kwa mtu aliyelelewa Mtoni, ufukoni, mlango uliofungwa mchana kutwa huzua shaka: kuna nini humo? Hamburg, hiyo ni kinga ya joto tu. Ngozi haikosei inaposema baridi. Jicho ndilo hukosea linapousoma mlango ule kuwa uchoyo; na mkaazi, tofauti na msafiri, kesho yake hukutana tena na mwenye mlango.