Uso wa Mpiganaji

Ni kitu gani kimfanyacho mtu amhurumie mwenziwe? Wako wajibuo kuwa ni sheria, na wako wajibuo kuwa ni kumcha Mungu. Jibu jingine, dogo lakini la kweli, laweza kupatikana mahali pasipotazamiwa: juu ya meza ya mchezo.

Katika Uingereza na nchi nyingine za Magharibi wako watu wazima ambao burudani yao ni kuunda majeshi ya sanamu ndogo na kuyapambanisha mezani kwa kanuni, dadu na utepe wa kupimia. Mchezo mmoja maarufu wa namna hii ni Warhammer, uliotolewa kwanza mwaka wa 1983. Miongoni mwa majeshi yake limo la Bretonnia, nchi ya kubuni iliyofananishwa na Ufaransa ya Zama za Kati na ngano za Mfalme Arthur. Fahari ya jeshi hilo ni naiti, yaani waungwana wapiganao juu ya farasi, wamevaa deraya na chapeo.

Mwenye jeshi aghalabu hatosheki na sanamu kama zilivyotoka kiwandani. Hukata mkono wa huyu akampa yule, hugeuza kichwa, huinua upanga. Kisha huchukua epoksi ya sehemu mbili, moja ya manjano na moja ya buluu, akaikanda mpaka ikawa ya kijani, laini kama udongo wa mfinyanzi. Hana budi kuharakisha, maana baada ya saa chache donge hilo huwa gumu. Kwa ncha ya chuma iliyoloweshwa maji ili isinate, hufinyanga mkunjo wa joho, manyoya ya chapeo, au ndevu za mzee. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa milimita 28 hivi, na uso wake ni mdogo kuliko punje ya mahindi. Mwisho hupaka rangi ngao na vazi la farasi, kila naiti kwa nembo yake.

Kazi hii hulaumiwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa ni ubatili, kwa kuwa jasho la siku nyingi huondolewa mezani kwa dadu moja. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpishi naye hupika kitakacholiwa, wala hapungukiwi heshima. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba kazi hii hupamba vita, na kilichopambwa hupendwa.

Historia ya michezo hii yatoa ushahidi wa kupimia hoja hiyo. Mwaka wa 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa. Vipande vyake vilikuwa vidogo, vya rangi, kila kimoja badala ya kikosi kizima. Mchezo ule haukuwa na uso hata mmoja, nao ndio uliofundishia vita vya kweli. Mwaka wa 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa sanamu sakafuni, akidhani kuwa achezaye vita vidogo atautambua upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata Ulaya iliwaka moto. Basi mchezo haukuzuia vita, wala asidaiwe mfinyanzi kuwa mleta amani. La kuulizwa ni dogo zaidi: mkono wake hujifunza nini?

Katika vita vya naiti wa kweli, nembo haikuwa pambo tu. Chapeo ilificha uso, na nembo ikamtangaza mwenyewe. Aliyetambulika kuwa ni mtu wa mali aliweza kutekwa akiwa hai ili ndugu zake walipe fidia. Askari wa miguu asiye na jina hakuwa na wa kumkomboa. Huko Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, Waingereza waliteka Wafaransa wengi. Mfalme Henry wa Tano alipohofia shambulio jipya aliamuru mateka wauawe, na waliobakizwa ni wale wa vyeo vya juu kabisa. Huruma ilikuwa na bei, na nembo ilikuwa hati yake.

Jeshi la Bretonnia lina wakulima wake pia, wenye mikuki na pinde, na katika hesabu ya alama za mchezo bei yao ni ndogo sana mbele ya naiti. Yuko mwenye jeshi atumiaye majuma juu ya naiti mmoja, na wakulima arobaini akawapaka rangi moja kwa siku moja, kwa kuwa hakuna awatazamaye. Wapiganapo tembo nyasi huumia; na huyo, bila kukusudia, amekubali kuwa nyasi hazina nyuso.

Lakini yuko mwingine ambaye humfinyangia mkulima kofia yenye kiraka, au kitambaa juu ya jicho lililojeruhiwa. Kwa kazi hiyo hapati alama hata moja, wala kanuni hazimtambui. Atasema mtu kuwa sanamu haina maumivu wala haidai haki. Ni kweli, deni halimo katika sanamu. Faida yote yamrudia mfinyanzi, ambaye amejizoeza kumtazama kwa makini yule ambaye hesabu imempa thamani ndogo. Mchezo ukiisha, naiti na mkulima hurudishwa sandukuni salama. Nje ya meza hakuna sanduku la namna hiyo, na zoezi la kutazama huanza kuwa na maana hapo.