Nani Anadaiwa Mguu wa Utingo?

Malori ya shaba na kobalti yakiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ajali haingoji mkosaji. Kamba inakatika, turubai linateleza, utingo anaporomoka kutoka juu ya mzigo. Dereva hakulewa, tajiri hakuwepo. Mguu umevunjika. Nani anadaiwa?

Mwaka 1837 swali la aina hiyo lilifika kwa Jaji Abinger, London. Kijana Charles Priestley, mtumishi wa muuza nyama wa Market Deeping, alivunjika paja baada ya gari la farasi lililojazwa kupita kiasi kuharibika njiani. Wazee wa baraza walikuwa wamempa pauni 100. Abinger alizifuta: mtumishi, alisema, ana hiari ya kukataa kazi ya hatari. Hoja kama hiyo humjia kwa urahisi mtu aliyekwisha kula.

Wanafikihi wa Kiislamu walikuwa wameishika kamba hiyo kwa ncha nyingine karne nyingi kabla. Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa inaamuru dia, fidia ya uhai, hata kwa aliyeua bila kukusudia, na fikihi haikumwachia mtu huyo mzigo peke yake: hulipa akila, yaani ukoo wake, ndani ya miaka 3. Wahanafi, wakifuata uamuzi wa Khalifa Umar, walikwenda mbali zaidi. Askari walioandikwa katika daftari moja la mishahara wakawa akila wao kwa wao. Karatasi ikachukua nafasi ya damu!

Kansela Bismarck, alipowabebesha waajiri wa Ujerumani bima ya ajali mwaka 1884, aliwaogopa wasoshalisti, fikihi haikumpitikia. Hata hivyo mfuko wake ni ndugu wa akila. Uingereza ilifuata 1897, Ufaransa 1898, Ubelgiji 1903.

Kongo leo ina sheria ya Julai 15, 2016 na mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS. Mchango wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake, bila mfanyakazi kukatwa kitu. Ndiyo kusema anayefaidi hatari huibeba, awe na kosa asiwe nalo.

Ila lazima uwe kwenye daftari. Juni 27, 2019, udongo uliporomoka katika machimbo ya Kamoto, Kolwezi, ukaua watu zaidi ya 40. Walikuwa wachimbaji wadogo walioingia bila ruhusa, na hakuna aliyekuwa mwajiri wao. Mtu atasema mvamizi hamdai mwenye shamba, na pengine ana haki. Lakini mawe ya wachimbaji wa namna hiyo hununuliwa, huchanganywa na mengine, hupakiwa. Faida hupita mikononi mwa watu wanaojulikana.

Kama deni linatokana na faida, forodha ya Kasumbalesa inatosha kuwa mahali pa kulidai. Madini huandikwa pale kwa uzito kabla ya kuvuka. Mchango mdogo kwa kila tani ungekusanywa dirisha lilelile, bila kuuliza aliyechimba, au aliyefunga turubai, alisaini mkataba na nani.