Jogoo na Uso wa Bwana

Somo: Luka 22:54–62



Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai (4:14), anamwita Luka tabibu mpendwa. Ndiyo maana kila tarehe 18 Oktoba, tunapoadhimisha sikukuu yake, tunawaombea wagonjwa pamoja na waganga na wauguzi wao. Mwaka huu Padri ameniomba niseme juu ya jambo lililoleta mabishano kidogo hapa mtaani, nalo ni hizi simu zinazolia kuwakumbusha watu kunywa dawa. Jumapili moja simu ya mama mmoja ililia katikati ya Sala ya Kuweka Wakfu, na baadhi ya watu walinung'unika kwamba dunia imeingia kanisani. Wengine, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, walisema kwamba aliyekwisha kuombewa hana haja ya kengele ya vidonge. Kama ana imani, na avitupe.

Niwajibu hawa wa pili kwanza. Someni 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba, akalia, naye Mungu akamtuma Isaya kumwambia kwamba ataponywa. Ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe. Je, Isaya aliishia hapo? Hakuishia. Aliagiza andazi la tini, likawekwa juu ya jipu. Nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza dawa. Na Yoshua bin Sira, ambaye Kanisa letu humsoma kwa mafundisho ya mwenendo, anatufundisha katika sura ya 38 kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa kazi ya Bwana, na mwenye busara hazidharau. Mtu akikuambia utupe vidonge vya presha kwa sababu umewekewa mikono, mwulize kama yeye ana imani kuliko Isaya.

Sasa juu ya simu. Wenye simu janja wanaweza kuwekewa programu ndogo inayotunza orodha ya dawa na saa zake. Saa ikifika, simu inalia na kuuliza, nawe unagusa kioo kujibu kwamba umekunywa au umeahirisha. Mlio wenyewe, kwa programu nyingi, hauhitaji bando. Lakini simu iliyokwisha chaji haimkumbushi mtu. Mwenye simu ndogo ya kitochi naye asijione ameachwa, kwa maana saa ya kuamsha imo humo pia.

Yule mama alifanya vema. Kama mlio ulitusumbua, Padri atatuvumilia. Afadhali sala ikatizwe kwa nukta chache kuliko tukutane tena kanisani hapo hapo kwa mazishi. (Hata hivyo, ndugu zangu, simu ya dawa ni simu ya dawa. Zile zinazoimba muziki wa dansi wakati wa Injili hazina utetezi wangu.)

Kwa nini tunasahau? Malaria humkumbusha mtu kwa homa na kutetemeka. Presha haipigi kelele. Mtu aweza kutembea nayo miaka, analima, anaimba kwaya, hana maumivu yoyote, hata siku anapoanguka kwa kiharusi. Kifua kikuu nacho hutaka dawa kwa miezi isiyopungua sita kwa kawaida, na mgonjwa huanza kujisikia mzima mapema, kikohozi kimepungua na hamu ya chakula imerudi. Hapo ndipo anapoacha, na wadudu waliobaki wanapata nafasi ya kuzoea dawa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, katika wagonjwa wa maradhi ya kudumu, ni kama nusu tu wanaofuata dawa zao inavyotakiwa. Kwa hiyo tusiseme huu ni ujinga wa wazee wa shamba. Katika ungamo la Sala ya Asubuhi tunataja yale tuliyoacha kuyatenda kabla ya yale tuliyoyatenda vibaya, na nadhani waliolitunga walimjua mwanadamu.

Sasa twende kwenye somo letu. Petro yumo uani kwa Kuhani Mkuu, anaota moto. Amekana mara tatu. Jogoo anawika. Jogoo yule hakumwambia neno lolote jipya. Bwana alikwisha kumwambia yote jioni ile. Aliyakumbusha tu. Tena fikirini: watu wangapi uani pale walimsikia jogoo? Mjakazi alimsikia, walioota moto walimsikia. Kwao ilikuwa dalili kwamba kunakaribia kucha, basi. Wainjili wote wanne wanataja jogoo, lakini Luka tabibu peke yake ndiye anayetuambia jambo moja zaidi: kwamba Bwana aligeuka, akamtazama Petro. Ndipo Petro akakumbuka, akatoka nje, akalia sana.

Sauti ya jogoo, na uso wa anayekujua. Luka ameviweka pamoja, nami siwezi kuvitenganisha ninapofikiri habari za simu hizi.

Ziko habari mbili za kweli zinazoonyesha jambo hili. Ya kwanza ni ya programu moja iitwayo Medisafe. Ilianzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili, mmoja wao Omri Shor, baada ya baba yao mwenye kisukari kujidunga insulini mara ya pili kwa makosa, akidhani hajajidunga. Insulini ikizidi hushusha sukari mwilini hata mtu akazimia au kufa. Wale vijana hawakuridhika na kengele tupu. Waliiwekea programu yao njia ya kumpa habari ndugu au rafiki uliyemchagua, endapo saa ya dawa imepita nawe hujajibu. Yaani nyuma ya mlio wamemweka mtu.

Ya pili ni ya jirani zetu Kenya, na hii naipenda zaidi kwa sababu haikuhitaji hata simu janja. Kuanzia mwaka 2007 waganga walifanya jaribio katika kliniki tatu, kwa wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine walipelekewa ujumbe mmoja kila juma, nao ulikuwa neno moja tu: Mambo? Haukutaja dawa wala ugonjwa, hata mwingine akiusoma asijue kitu. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48: Sawa, au Shida. Aliyejibu Shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Waliosema kwamba wanafuata dawa barabara walikuwa asilimia 62 katika wale waliopelekewa ujumbe, na asilimia 50 katika wengine. Watu kumi na wawili zaidi katika kila mia, kwa neno moja na mtu wa kulisikiliza jibu.

Lakini angalieni neno lile Sawa. Sisi tunalipenda mno. Padri anasimama mlangoni baada ya Misa, anatuuliza habari, nasi tunajibu njema, tunapita. Yuko mzee mmoja mtaani petu, naye ameniruhusu niseme, ambaye mjukuu wake alimwekea programu katika simu. Kila jioni simu ililia, na kila jioni mzee aligusa pale penye kusema amekunywa, ili inyamaze. Vidonge vilikuwa vimekwisha siku kumi na moja. Hakuwa na nauli ya kwenda kuvichukua, na aliona haya kusema mbele ya watoto. Simu iliamini. Programu yote ilikuwa imejaa alama za kijani. Aliyegundua ni jirani yake, mama wa Umoja wa Akina Mama, aliyepeleka maboga, akaona miguu ilivyovimba, akataka kuiona pakiti kwa macho yake. Mzee yuko hai, anatembea kwa fimbo.

Mungu alipomwuliza Kaini yuko wapi ndugu yake, alijibu kwa swali la ukali. Yule mama hakujibu hivyo.

Basi, nikiwa mwalimu, siwezi kumaliza bila mazoezi. Kosa la kwanza ni la saa. Saa mbili usiku katika simu huandikwa 20:00, au 8 PM. Yuko aliyeandika 2, simu ikamwamsha saa nane za usiku siku tatu mfululizo, akaanza kushuku majini. Kosa la pili ni bahasha ya dawa. Imeandikwa 1x3, nasi tunakunywa asubuhi, mchana na jioni kabla ya giza, halafu usiku mzima hakuna kitu. Ulizeni dirishani kama maana yake ni kila baada ya saa nane. Dozi iliyosahauliwa msiifidie kwa kunywa mbili pamoja, mpaka mwuguzi aseme. Na asiyetaka jina la dawa yake lionekane juu ya kioo na aandike neno lingine lolote; yuko dada mmoja ambaye simu yake humwita kwenye chai.

Mgonjwa hafungwi na saumu ya Kwaresima wala na kufunga kabla ya Komunyo kwa habari ya dawa zake. Mwenye shaka amwone Padri.

Siku ya Mt. Luka, baada ya Misa, vijana watakaa kwenye benchi karibu na mlango wa sakristia. Leteni simu zenu zikiwa na chaji, pakiti za dawa na cheti cha kliniki, nao watawawekea saa. Kila atakayewekewa aje pamoja na mtu mmoja, jirani au ndugu, atakayekuwa akimwuliza mara moja kila juma. Asiye na mtu wa kuja naye aje hivyo hivyo. Akina mama wa Umoja wamekubali kuandika majina. Wale ambao vidonge vimekwisha na nauli hakuna, semeni siku hiyo hiyo. Mtunza hazina amekwisha kuambiwa.